Kutoka hisani ya Mwadui hadi kifungu cha 105

Barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza inapita Maganzo, na ukikunja hapo unaingia Mwadui. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, Dk. John Williamson, aligundua almasi mahali hapa. Baadaye ukainuka mji mzima wa mgodi wenye hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi, vyote ndani ya uzio. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Zawadi ya London na huduma za Mwadui zilitegemea moyo wa mtu yuleyule. Sheria za kazi za wakati ule zilimhusu kibarua. Mkulima wa nje ya uzio hakuwa na pa kupeleka madai.

Williamson alifariki mwaka 1958. Kampuni ya De Beers na Serikali ya Tanganyika zikaununua mgodi nusu kwa nusu, na baada ya Uhuru ukataifishwa. Kwa mantiki ya Azimio la Arusha la 1967, suala la wajibu wa kampuni kwa jamii lilikuwa limejijibu: mali ikiwa ya umma, faida yake ndiyo itakayojenga shule.

Kutoka hapo njia inaelekea magharibi, kwenye dhahabu. Sheria ya Madini ya 1998 iliwafungulia mlango wawekezaji wa nje kwa mrabaha wa asilimia 3, na mgodi wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Ushuru wa huduma wa halmashauri ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, ila mikataba kadhaa ya migodi iliuwekea kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka. Zaidi ya hapo ilikuwa hiari. Mwaka 2002 mgodi wa Geita ulianzisha safari za kupanda Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Kazi njema, bila shaka. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye aliyechagua ugonjwa na dawa yake.

Manung'uniko kuhusu masharti hayo yalizaa Kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyotoa ripoti mwaka 2008, kisha Sheria mpya ya Madini ya 2010. Kisha, mwaka 2017, likaja sakata la makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Bunge liliirekebisha Sheria ya Madini, likapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6, na katika marekebisho hayohayo likaingiza kifungu cha 105. Mwenye leseni sasa anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane na halmashauri husika, uzingatie vipaumbele vya wenyeji, na baraza la madiwani liupitishe.

Kifungu hicho hakikutaja asilimia yoyote. Kiasi kiliachwa kuwa cha mezani, na meza hiyo inataka halmashauri inayojua bei ya nondo na idadi ya watoto wanaokaa chini. Mwaka 2018 mgodi wa Geita na halmashauri zake walikubaliana mpango wa takriban shilingi bilioni 9.2. Fedha za namna hiyo zinaweza kujenga mengi, na zinaweza pia kuongeza bei ya kila tofali pasipokuwa na macho.

Kwa hiyo sheria haikuiua hisani, imebadilisha anayepanga. Shule ya mgodi wa zamani huenda ilijengwa vizuri kuliko darasa la leo, lakini leo diwani anaweza kuukataa mchoro kabla msingi haujachimbwa.

Kifungu hichohicho kinaitaka halmashauri itunge miongozo, isimamie utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi. Sehemu hii ya mwisho haigharimu kampuni hata senti. Kijiji kilichosomewa orodha ya miradi na gharama zake kinaweza kuhesabu mifuko ya saruji. Kisichosomewa kitaendelea kushukuru.