Capital Art Studio: Hazina ya Picha Tangu 1930

Ranchhod Oza aliifanya kazi ya picha katika studio ya Gomes, Unguja, kabla ya kufungua yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Alimpiga picha Sultani, lakini pia majahazi, vichochoro vya Mji Mkongwe na watu wa kawaida waliotaka ukumbusho. Mapinduzi ya 1964 yalimwondoa Sultani. Studio ilibaki, na Rohit, mwana wa Oza, akairithi. Heshima ya duka hili haitokani na umri peke yake. Studio ya picha ni taasisi ya kumbukumbu kama ilivyo maktaba, nayo yastahili kutunzwa vivyo hivyo. Tuilinganishe na View-Master, kifaa cha kuchungulia picha kilichotokea Marekani mwaka 1939. Diski yake ilibeba vipicha 14, viwili kwa kila mandhari. Ukibonyeza kidude cha pembeni, diski inasogea, kila jicho linapata picha yake, na mlima unainuka mbele yako. Wanaokikumbuka kwa mapenzi wana haki. Hata hivyo, mandhari zile 7 zilichaguliwa kiwandani, mbali na mtazamaji. Studio ilimfanya mtu wa mtaani mwenyewe kuwa wa kutazamwa.

Wapo wasemao picha za studio ni maigizo: pazia lililochorwa, koti la kuazima, mkono uliowekwa begani kwa amri ya mpiga picha. Ni kweli, na hapo ndipo penye thamani, kwani koti la kuazima hueleza jambo lisiloandikwa katika jalada lolote: mtu alitaka wajukuu wamwoneje. Wengine husema simu imeimaliza kazi hiyo. Simu hupiga picha nyingi, lakini ikiibiwa, nyingi huenda nayo. Negativu iliyokaa pakavu hutoa picha hata baada ya nusu karne.

Hapa Mzumbe, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, watumishi wa serikali za mitaa wamefunzwa tangu 1953, na utunzaji wa majalada ni sehemu ya utumishi wao. Kumbukumbu za Morogoro zisiishie kwenye majalada. Mwenye boksi la negativu za studio ya zamani asilitupe; aliepushe na unyevu, na juu ya kila bahasha aandike majina na mwaka, maadamu wanaozitambua sura hizo wangali hai.