Sheria Namba 14 na simu ya mlinzi

Agosti 2012 virusi viliingia kwenye kompyuta za RasGas, kampuni ya gesi asilia ya Qatar. Siku chache kabla yake, Aramco ya Saudia ilikuwa imepigwa vivyo hivyo na maelfu ya kompyuta zake kufutwa kumbukumbu. Kwa nchi inayokula na kuvaa kwa gesi, hofu ile ilikuwa ya haki, na naamini iliisukuma sheria iliyotiwa saini na Emir Tamim bin Hamad Al Thani Septemba 2014: Sheria Namba 14 ya kupambana na makosa ya mtandao.

Mimi ni karani wa duka la kuchapa nyaraka mtaa wa Najma, Doha. Kiarabu nilikipata madrasani Mombasa, na walinzi na madereva wa kwetu huniletea mikataba, barua za madai, na siku hizi maswali kuhusu simu zao. Ndiyo maana sheria hii nimeisoma kifungu kwa kifungu. Sehemu kubwa yake hakuna mwenye akili atakayeipinga: kudukua mifumo, kughushi nyaraka, kuiba namba za kadi za benki. Ila katikati ya wezi hao kuna kifungu cha 6, kinachohusu habari za uongo zinazokusudiwa kuhatarisha usalama au utaratibu wa dola. Mwenye tovuti ya namna hiyo anaweza kufungwa hadi miaka mitatu na kutozwa faini hadi riyali 500,000. Mpaka wa utaratibu wa dola ni wapi, kifungu hakisemi.

Maneno yalikuwa yakiadhibiwa hapa hata kabla ya 2014. Mshairi Mohammed al-Ajami alighani shairi ndani ya nyumba jijini Cairo mwaka 2010, likarekodiwa na kupandishwa YouTube. Alikamatwa Novemba 2011, akahukumiwa kifungo cha maisha, kikapunguzwa kuwa miaka 15, na Machi 2016 Emir akamsamehe. Yeye alihukumiwa kwa sheria ya kawaida ya jinai.

Haki lazima isemwe: Qatar yenyewe imeumizwa na uongo wa mtandaoni. Mei 2017 wadukuzi waliingia kwenye shirika lake la habari, QNA, wakambandika Emir maneno ambayo serikali ilisema hakuyatamka. Juni 5 majirani wakakata uhusiano na kufunga mipaka, na mzozo ule haukumalizwa hadi Januari 2021. Kwa hiyo sisemi kwamba kifungu cha 6 hakina sababu. Nasema kilimwangukia nani.

Kilimwangukia Malcolm Bidali, Mkenya, mlinzi wa zamu za saa 12. Kwa jina la Noah aliandika kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji: malazi yaliyosongamana, mtu kukosa faragha hata kitandani. Nilikuwa nikiyasoma na kuona vyumba ninavyovijua. Aprili 26, 2021 alizungumza kwa njia ya video na mashirika ya kiraia na vyama vya wafanyakazi. Siku hiyohiyo alitumiwa kiungo cha mtego kwenye Twitter, na wachunguzi wa Amnesty na Citizen Lab walieleza baadaye kwamba kukibonyeza kungeweza kufichua anwani ya intaneti anayotumia. Nani aliyekituma halikuthibitishwa. Usiku wa Mei 4 alichukuliwa kutoka kwenye malazi yake.

Karibu mwezi mzima alikaa peke yake seli, bila wakili. Serikali ilitangaza kwamba anashtakiwa kwa kupokea malipo ya wakala wa kigeni ili asambaze taarifa potofu. Kisha Julai ikaja amri ya jinai, yaani adhabu inayotolewa kwa maandishi bila kesi kusikilizwa: faini ya riyali 25,000, simu kutaifishwa, akaunti za mitandao kufungwa, kwa kifungu cha 6. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Machi mwaka huohuo ni riyali 1,000 kwa mwezi. Hesabu ni miezi 25 bila kula. Faini ikalipwa, na Agosti akaondoka.

Linalonichoma ni kwamba neno uongo lilitumika bila mtu kulipima mahakamani. Hakuna hakimu aliyekwenda kuhesabu vitanda. Nyumbani Kenya sheria ya makosa ya mtandao ya Mei 2018 nayo ilikuja na vifungu vya habari za uongo, lakini chama cha wanablogu kiliwahi Mahakama Kuu, na kabla ya mwezi huohuo kwisha vifungu 26 vikasimamishwa. Vilirudishwa Februari 2020, nami sikufurahi, ila angalau hoja zilisemwa mbele ya watu na hukumu ikaandikwa.

Agosti 2025 Sheria Namba 14 iliongezewa kifungu: kusambaza picha ya mtu iliyopigwa mahali pa umma bila ridhaa yake ni hadi mwaka mmoja jela, au faini hadi riyali 100,000, au vyote viwili. Kina faida kwa mtu anayerekodiwa ajalini. Vijana wanaokuja dukani nawaambia: mkataba na stakabadhi za mshahara, piga picha na kuhifadhi nakala nje ya simu. Sura ya mwenzako usiirushe bila kumuuliza. Na malalamiko, kabla hujayaandika popote, yapeleke kwanza Wizara ya Kazi, upewe namba ya shauri.