Kabuti na Lebo Yake

Kila kontena la mitumba linaloingia bandari ya Dar es Salaam hupita mbele ya Feri. Pale Magogoni mlango wa bahari ni mwembamba, na meli kubwa inapopita wauza samaki hawainui hata macho. Ndani ya makontena hayo, katikati ya fulana na jinzi, huwa kuna nguo ambayo jiji hili la joto halina kazi nayo: koti zito la sufu, lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya au Marekani.

Hata hivyo makoti hayo hununuliwa. Kule Karume, si mbali na Kariakoo, wateja wake ni watu wa Njombe, Mbeya na Arusha, na wanafunzi wanaokwenda ng'ambo. Mimi nilinunua moja kwa ajili ya mdogo wangu, aliyepangiwa kufundisha Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai umande huweza kuganda kwenye majani. Nililipa shilingi 30,000 kutoka kwenye posho yangu ya masomo ya uzamili. Lilinuka jasho la mtu nisiyemjua, na kwenye bitana lilikuwa na lebo ya Kimarekani inayoagiza lisafishwe kwa drai klini. Gharama niliyotajiwa mjini ilikaribia nusu ya bei ya koti. Likiharibika, sikuwa na fedha ya kununua jingine.

Kwa kuwa nasoma historia, niliichukua lebo ile kama hati: iliandikwa lini, na kwa ajili ya nani? Kanuni ya Marekani inayowataka watengenezaji waweke maelekezo ya utunzaji kwenye nguo ilitolewa mwaka 1971, ikaanza kutumika 1972. Humtaka mtengenezaji ataje njia moja salama ya kusafisha. Kama zipo mbili, halazimiki kutaja ya pili. Kwa hiyo lebo inayosema drai klini haisemi lazima kwamba maji yataliua koti. Inamwambia mnunuzi wa kwanza, mwenye duka la kusafishia nguo mtaani kwake, njia ambayo mtengenezaji yuko tayari kuitetea. Mnunuzi wa pili, aliye Mchikichini, hakufikiriwa.

Makoti ya namna hii si mageni kwetu. Kiswahili kina neno kabuti, koti kubwa zito la baridi. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Lakini mazoea yetu ya kufua yalikua na pamba: merikani, kanga, kitenge, na baadaye vitambaa vya kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968. Dobi, ambaye jina lake limetoka India, aliipiga nguo kwenye jiwe, akaisugua, akaikamua na kuianika juani. Pamba huvumilia yote hayo. Unyoya wa sufu una magamba madogo. Ukikutana na maji ya moto na msuguano, magamba hushikana na hayaachiani tena. Koti la mtu mzima hugeuka la mtoto.

Serikali ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikafurika sokoni, na sufu ikiwemo. Ujuzi wa kuifua ilibidi utengenezwe upya, na waliofanya kazi hiyo ni watu wanaoishi kwa kuuza nguo hizo. Nilimwamkia mama mmoja muuzaji nikamuuliza. Alinitazama, akacheka.

“Mwanangu, hili unaliogesha kama kichanga. Maji baridi, shampuu kidogo. Usisugue, usikamue.”

Nikamwambia kuhusu lebo.

“Lebo inaogopa mabega,” akasema.

Alikuwa sahihi. Ndani ya mabega na kola kuna pedi na kitambaa kigumu, mara nyingi kimebandikwa kwa gundi. Hivyo ndivyo vinavyokunjamana hata pale sufu inaposalimika. Alinishauri nipime kwanza upindo wa ndani kwa kitambaa cheupe chenye maji, nione kama rangi inatoka. Haikutoka.

Nililizamisha kwenye beseni dakika kumi, nikalikandamiza kwa viganja, nikabadilisha maji mara tatu bila kulining'iniza, maana sufu iliyolowa ni nzito na huvutika kwa uzito wake. Kisha nikalikunja ndani ya taulo, nikalikalia ili taulo linywe maji, nikalilaza kivulini juu ya mkeka. Kwa unyevu wa Dar lilichukua siku nne kukauka. Mikono haikupungua. Bega la kushoto limevimba kidogo, na harufu imekwisha.

Katika hati ninazosoma kwa ajili ya tasnifu yangu kuhusu biashara ya Kariakoo, naona ushuru, leseni na malalamiko ya wafanyabiashara. Maarifa ya yule mama hayamo, ingawa bila hayo nusu ya bidhaa zake zisingevalika. Mdogo wangu aliponipigia kuniambia kwamba alipo hajaona drai klina, niliandika hatua zote kwenye karatasi, nikaweka tarehe na jina la soko, nikamtumia kwa basi.