AIN JALUT: USHINDI WA MWEZI 25 RAMADHANI



Tukizungumza matukio makubwa ya Ramadhani, wengi wetu hutaja Badr na Fat-hu Makka, tukaishia hapo. Leo, baada ya kufuturu, hebu keti nikusimulie siku nyingine: mwezi 25 Ramadhani mwaka 658 Hijria, sawa na tarehe 3 Septemba 1260.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka 1206 Genghis Khan aliwaunganisha Wamongoli, wafugaji wa nyika za Asia, wakawa jeshi moja. Haikupita miaka 60, wajukuu zake wakawa wanatawala nchi nyingi tangu Uchina hadi Urusi na Iran. Mmoja wao, Hulagu, alitumwa na nduguye Möngke, aliyekuwa Khan Mkuu, aje upande wa Waislamu. Februari 1258 akaiteka Baghdad, mji wa makhalifa wa Kiabbasi kwa takriban miaka 500. Khalifa al-Musta'sim akauawa, na raia waliochinjwa ni maelfu kwa maelfu.

Sasa jiulize, Waislamu wengine walikuwa wapi? Jibu linauma. Mtawala wa Mosul, Muislamu, alipeleka askari wake kumsaidia Hulagu. Huko Sham wajukuu wa ukoo wa Salahuddin walikuwa wakigombana wao kwa wao, na wakigombana na Misri. Basi mwanzoni mwa 1260 Halab ikatekwa, na Machi Dameshki ikafungua milango bila ya vita. Iliyobaki ni Misri.

Misri ilishikwa na Mamluki. Hawa walikuwa vijana walionunuliwa utumwani wangali wadogo, wakasilimishwa, wakafunzwa vita mpaka wakawa wao ndio watawala. Sultani wao alikuwa Sayfuddin Qutuz. Na usidhani Mamluki walikuwa kitu kimoja! Shujaa wao Baybars alikuwa amekimbilia Sham tangu 1254, kiongozi wake Aqtay alipouawa, na Qutuz alikuwa mmoja wa wauaji. Yaani kati yao palikuwa na damu.

Lakini hatari ilipobisha mlangoni, Baybars alirudi Cairo mwaka 1260, na Qutuz akampokea kwa heshima. Wajumbe wa Hulagu walipokuja kudai Misri isalimu amri, Qutuz aliwaua. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Pesa za vita zilipotakikana, wanahistoria wanaeleza kwamba Sheikh Izzuddin bin Abdussalam alitoa fatwa nzito: raia wasitozwe kitu mpaka maamiri watoe kwanza dhahabu na mapambo yao. Viongozi waanze, wananchi wafuate.

Tuseme haki pia. Möngke alikuwa amefariki 1259, na Hulagu akarudi mashariki na sehemu kubwa ya jeshi lake. Aliyebaki Sham ni jemadari wake Kitbuqa na jeshi dogo zaidi. Qutuz aliiona nafasi, hakungoja kufuatwa Misri.

Majeshi yalikutana Ain Jalut, yaani Chemchemi ya Jaluti, huko Palestina. Baybars alitangulia na kikosi cha mbele. Vita vikawa vikali, ubavu mmoja wa Waislamu ukaanza kuvunjika. Hapo, yasimuliwa, Qutuz alivua kofia yake ya chuma, akaitupa chini, akapiga ukelele wa kuulilia Uislamu, akaingia vitani mwenyewe. Kitbuqa akauawa, jeshi lake likatawanyika. Si muda mrefu Dameshki na Halab zikarudi mikononi mwa Waislamu.

Natamani hadithi ingeishia hapo. Lakini Oktoba mwaka huo huo, wakiwa njiani kurudi Cairo, Qutuz aliuawa na maamiri wake, na Baybars alikuwa mmoja wao. Yasemekana aliahidiwa ugavana wa Halab akanyimwa. Baybars ndiye akawa sultani. Wale wawili walioshinda jeshi la Wamongoli walishindwa na jambo la cheo.

Na mwisho wa Wamongoli? Berke, binamu yake Hulagu, alikuwa amesilimu, akaja kupigana na Hulagu mwenyewe. Mwaka 1295 Ghazan, kitukuu wa Hulagu, alisilimu, kisha akatawala Iran. Ukoo ulioangusha Baghdad ukaingia katika dini ya watu wa Baghdad. Upanga haukuweza kulizuia hilo.

Kijana mwenzangu, adui wa nje tunamuona haraka. Huyu wa ndani, anayetugombanisha juu ya uenyekiti wa kamati, funguo za msikiti na nani atangulie mbele, huyu hatumshtukii. Ramadhani tunasimama safu moja katika tarawehe, bega kwa bega. Kazi ni siku ya pili ya Idi: je, safu itabaki?

Kabla kumi la mwisho halijaisha, mtafute yule mliyekosana naye, umpe mkono. Wallahu aalam.