Kilima cha Beberu: uwanja wa chuo uliokuwa na jabali ndani

Leo naomba niweke pembeni habari za boom na foleni ya kafeteria, niingie kwenye historia, maana ndiyo somo langu la kufundishia, na nimekutana na kisa ambacho kimeninyima usingizi siku mbili. Kinahusu besiboli. Najua wengi mtaguna. Kwetu mpira ni wa miguu, basi, besiboli tunaionea kwenye sinema, ingawa Wajapani wameshauotesha mchezo huo kwenye baadhi ya shule zetu na pale Azania, Dar, kuna uwanja wake kabisa. Vumilieni kidogo. Kisa chenyewe ni cha vyuo viwili visivyopikika chungu kimoja, na kilima.

Kwanza uwanja. Sehemu ya ndani ya uwanja wa besiboli imepimwa kama duka la sonara. Kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 90, mita 27 na ushei. Mrushaji anasimama futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, kipimo kilichowekwa mwaka 1893 na hakijaguswa mpaka leo. Lakini ukitoka hapo kwenda nje, kule walikojipanga wale wa kukimbiza mipira mirefu, mambo yanabadilika. Uzio uwe mbali kiasi gani, uwe mrefu au mfupi, ardhi iwe tambarare au la, kwa miaka mingi hayo yaliachiwa mahali penyewe yaamue. Ndiyo maana Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa 1912, ina ukuta wa futi 37 upande wa kushoto: barabara iko nyuma tu hapo, uwanja haukuwa na pa kwenda. Ni sawa na kusema penalti ina kipimo, goli lina kipimo, ila pembeni kila mtu achore kadiri Mungu alivyomjalia.

Na ugomvi wa kipimo ni mzee kuliko hata mchezo wenyewe tunaoujua. Mechi ya kwanza kabisa ya besiboli kati ya vyuo ilichezwa tarehe 1 Julai 1859 mjini Pittsfield, Massachusetts, baina ya Amherst na Williams. Wakati huo besi zilikuwa futi 60 tu kutoka moja hadi nyingine, kila upande ulikuwa na watu 13, na kila timu ilikuja na mpira wake mwenyewe! Amherst wakashinda 73 kwa 32. Hapo hapo ukavuma uvumi kwamba yule mrushaji wao si mwanafunzi bali ni mhunzi aliyekodishwa, maana mkono wake haukuchoka. Mamluki kwenye michezo ya vyuo, kumbe, hawakuanza jana. Kesho yake wakacheza sataranji na Amherst wakashinda tena, masikini Williams.

Sasa twende Texas. Chuo Kikuu cha Texas kiko Austin, na Texas A&M kiko College Station, kama kilomita 170 hivi. A&M kilianza 1876 kama chuo cha kilimo na ufundi chenye nidhamu ya kijeshi; cha Austin kikafunguliwa 1883. Tangu hapo mmoja anamwona mwenzie mshamba, mwenzie anamwona huyu mwenye maringo. Uhasama wao haukuishia kwenye mpira wa Kimarekani. Kwenye besiboli wameviziana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1928 Austin walianza kuchezea uwanja ulioitwa Clark Field. Mahali penyewe palikuwa na jabali la chokaa. Badala ya kulipasua, wakaliacha ndani ya uwanja. Sijakosea, nimesema ndani. Lilisimama upande wa katikati-kushoto, likaenda likipanda kutoka futi 12 hadi kama futi 30, na juu yake ardhi ikaendelea mpaka kwenye uzio. Mpira ukidondoka juu ya jabali, mchezo unaendelea. Mdakaji akitaka kuufuata kulikuwa na kinjia chembamba cha kupandia, cha kupita mbuzi, ndiyo maana pakaitwa Billy Goat Hill. Kwa Kiswahili ni Kilima cha Beberu. Namaanisha mbuzi dume jamani, siyo yule beberu wa kwenye somo la Siasa.

Hebu jiweke kwenye viatu vya kijana wa A&M amesimama pale. Ukikaa chini ya jabali, mpira wa juu unakupita kichwani, na wakati unahangaika na kinjia mpigaji ameshazunguka besi zote. Ukikaa juu, mpira mfupi unaanguka mbele ya jabali nawe unautazama kama mtu aliyeko ghorofani anayemwona mwizi akiondoka na baiskeli yake. Mwenyeji anajua. Ameupanda mlima ule jioni zote za mazoezi, anajua mpira ukigonga jiwe gani unarudi wapi.

Je, hiyo ni haki? Hapa ndipo nilipokosa usingizi. Mwanzoni nilisema hapana. Halafu nikafikiri: siku ya mechi kilima ni cha wote, timu zote mbili zinakipiga na zinakilinda kwa zamu. Hakuna aliyepewa uwanja wa peke yake. Tofauti iko kwenye kukizoea. Nikakumbuka shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha (siitaji jina), ambako watoto walisoma maabara kwa kuchora picha ya maabara ubaoni, halafu wakakaa mtihani ule ule wa taifa na wenzao wenye vifaa. Karatasi ni moja, muda ni ule ule, ila mmoja amepanda kilima kile kila siku na mwingine anakiona asubuhi ya mtihani. Kwa hiyo sikatai kilima, wadau. Nakataa mtu kuletwa pale bila kuonyeshwa kinjia.

Turudi. Texas walitwaa ubingwa wa vyuo 1949 na 1950, timu ya kwanza kuuchukua mara mbili mfululizo, na watu wakawa na la kusema kuhusu kilima. Halafu Clark Field ikafungwa baada ya msimu wa 1974. Mwaka 1975 wakahamia Disch-Falk Field, tambarare, nyasi bandia, katikati futi 400 safi. Na mwaka huo huo, bila kilima, wakawa mabingwa tena! Basi maneno yote yakaisha.

Kichekesho kingine kiko Houston, jimbo hilo hilo. Walipofungua uwanja wao mpya wa timu ya kulipwa mwaka 2000, wakajenga kilima kwa makusudi katikati, na mlingoti wa bendera juu yake. Wachezaji wakakilalamikia miaka nenda rudi, na baada ya msimu wa 2016 kikasawazishwa. Cha Austin kiliwekwa na Mungu, hiki kiliwekwa na mchoraji. Mimi cha kwanza nakiheshimu, cha pili nakiona mapambo.

A&M walihama ligi mwaka 2012 na ule mfululizo wa mechi tatu za wikiendi moja ukakatika. Juni 2024 wakafika fainali yao ya kwanza ya taifa, wakafungwa na Tennessee, na kesho yake tu kocha wao, Jim Schlossnagle, akahamia... Austin. Kwa mahasimu! Mwaka huo huo Texas nao wakaingia ligi ile ile, hivyo Aprili 2025 wakakutana tena Austin kwa mechi tatu. Texas wakashinda zote.

Kilikokuwa Clark Field sasa kuna ukumbi wa muziki, Bass Concert Hall. Watu wanakaa kwenye viti laini mahali alipokuwa anaparamia kijana mwenye glovu mkono mmoja, akitafuta mpira kwenye mawe huku upande mwingine wanamhesabia.