Mwalimu wa kujitolea: ya kujua kabla ya kushika chaki

Maramba, wilayani Mkinga mkoani Tanga, kama kwingineko nchini, shule ya msingi ikipungukiwa walimu, pengo mara nyingi huzibwa na mwalimu wa kujitolea. Huyu hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hupewa posho, tena pale inapopatikana.

Anayetaka kuanza humwona mwalimu mkuu, akiwa na barua ya maombi na nakala za vyeti. Mwenye cheti cha ualimu Daraja la IIIA ana nafasi nzuri zaidi. Kamati ya shule na Afisa Elimu Kata nao wajulishwe.

Utata uko kwenye posho. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, na mchango wa wazazi ni wa hiari. Mtoto harudishwi nyumbani kwa kutochanga. Mavuno yakigoma, posho nayo hukata. Hivyo kiasi, siku ya malipo na mlipaji viandikwe mapema.

Kujitolea si ajira. Nafasi za serikali huombwa kwa mtandao, kupitia Ajira Portal, zikitangazwa. Asiyeomba atabaki anasubiri darasani.