Kioo Kilichofunguka kwa Mzunguko

Wateja wengi huniambia kuwa vioo vya madirisha yao vimenenepa chini kwa sababu kioo huchuruzika polepole, karne hadi karne. Si kweli. Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa madirisha ya zamani huku Uingereza, na nimeshavua vioo vilivyonenepa juu, vingine ubavuni. Mwaka 1998 Edgar Zanotto, mtaalamu wa vioo wa Brazil, alionyesha kwa hesabu kwamba katika joto la kawaida umri wote wa ulimwengu hautoshi kioo kichuruzike hata tukaona. Unene ule uliamuliwa kwa muda mfupi mno, mbele ya tanuri.

Ufundi wa kuzungusha kioo mbele ya tanuri ulikuwapo Normandy, Ufaransa, tangu karne ya 14, na London ikaanza kuutumia 1678. Mpulizaji alichota kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, akakipuliza kikawa tufe. Msaidizi alibandika fimbo ya chuma upande wa pili, bomba likabanduliwa, likaacha tundu. Tufe likarudishwa kwenye mdomo wa tanuri huku fundi akizungusha fimbo, taratibu kwanza, kisha kwa kasi. Kioo kikalainika kama asali nzito, tundu likazidi kupanuka, na ghafla tufe zima likafunguka, likawa sahani bapa yenye upana wa mita moja na zaidi. Hapo ndipo mkono wa fundi ulipopimwa. Akisita tu, sahani inalegea na kukunjamana, kwa hiyo alijitenga na moto huku bado anazungusha, mpaka kioo kikakakamaa.

Mzunguko husukuma kila kitu nje, na palipo mbali na kitovu husukumwa zaidi. Ndiyo maana kioo kilitandazwa kikawa chembamba kuelekea nje, ilhali katikati, fimbo iliposhika, kilibaki kinundu kinene. Na kwa kuwa uso wake haukugusa chochote ukiwa laini, uling'aa kwa namna ambayo kioo cha kunyooshwa juu ya meza hakikuweza.

Lakini kukata mstatili ndani ya duara ni hasara. Vipande vikubwa havikupatikana, na hiyo ni sababu moja ya madirisha ya karne ya 18 kuwa na vioo vidogo vingi. Kinundu kiliuzwa rahisi, au kikarudishwa tanurini. Kodi ya vioo ya Uingereza, iliyowekwa 1745, ilitozwa kwa uzito, kwa hiyo wembamba ulikuwa na faida. Ilifutwa 1845, wakati kampuni ya Chance Brothers ilikuwa tayari ikipuliza mitungi mirefu, ikiipasua na kuinyoosha iwe vioo vikubwa. Vya namna hiyo ndivyo vilivyofunika jumba la Crystal Palace la 1851, na sahani za kuzungusha zikapoteza soko.

Inaniuma kuona vioo hivi vikitupwa na takataka za ujenzi kwa kudhaniwa vimechakaa. Tazama mwanga ukiangukia kioo kwa pembeni: utaona mistari iliyopinda, sehemu ya duara ambalo kitovu chake kiko nje ya kipande. Nikiikuta kwenye fremu iliyooza, nalainisha puti kwa joto, natoa kioo kwanza kikiwa kizima, ndipo nashika mbao.